Ndugu yako ameshikwa Marekani? Kabla ya mchango, uliza kesi ni ya nani

Naishi Dallas na kwa miaka sasa mimi ndio mweka hazina wa kikundi chetu cha Wakenya, kwa hivyo mtu akishikwa simu inanijia mimi hata kabla mama yake hajaambiwa. Na kila mara ni yale yale, hakuna aliyeuliza kesi ni ya nani lakini kwa WhatsApp majina yameshaanza kupangwa, fulani hamsini, fulani mia. Ebu tulieni kwanza. Uliza hivi, kesi ni ya jimbo ama ni ya federali, yaani ya serikali kuu? Manake hapo ndio kila kitu kinaachana, pesa, wakili, mpaka jela.

Wengi wetu tunachanganyikiwa kwa sababu ya vile tumezoea nyumbani. Kenya kesi ya jinai ni ya Jamhuri, ushtakiwe Kisii ama Malindi ni DPP yule yule na sheria ile ile. Huku kila jimbo lina sheria zake za jinai, polisi wake, korti zake na magereza yake, alafu serikali kuu ya Washington nayo ina zake, na wote wawili wanaweza kukushtaki. Derek Chauvin, yule polisi aliyemuua George Floyd, jimbo la Minnesota lilimfunga miaka 22 na nusu mwaka wa 2021, mwaka uliofuata korti ya federali ikampa 21 kwa kukiuka haki za raia, ingawa anazitumikia pamoja. Ukisema hiyo ni kushtakiwa mara mbili, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishajibu mwaka wa 2019 kwa kesi ya Gamble, hizo ni serikali mbili na kila moja ina sheria yake.

Kuendesha gari ukiwa umelewa, kupigana na bibi nyumbani, kuiba dukani, hizo kwa kawaida ni za jimbo na ndizo nyingi kwetu. Za federali ni kama kudanganya kwa mikopo ya PPP, ile ya serikali kwa biashara wakati wa korona, kudai Medicare, bima ya afya ya wazee, pesa za wagonjwa ambao hukuwahudumia, kuomba refund ya ushuru kwa jina la mtu mwingine, ama kusema wewe ni raia na huna hata green card.

Usiangalie jela aliyolala. Wengi wa federali wanawekwa kwa jela za kaunti, kwa hivyo watu wanasema ako kaunti basi ni ya jimbo, kumbe sivyo. Angalia karatasi ya mashtaka, pale juu kama anayeshtaki ni State of Texas ama ni United States of America, na namba ya kesi ya federali katikati ina herufi cr.

Sasa pesa. Kesi ya jimbo hapa Texas unaenda kwa mtu wa bondi, yule anayemwekea mtu dhamana kortini, unamlipa kama asilimia 10 ya dhamana na hiyo hairudi, jamaa anatoka. Federali huyo mtu wa bondi karibu hana kazi. Mtu anapelekwa mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka anaweza kuomba siku tatu za kujitayarisha na wikendi haihesabiwi, na muda huo wote jamaa ako ndani, alafu hakimu anaamua kama atatoroka ama ni hatari kwa watu. Hizo siku ndizo za familia kukimbia. Ofisa wa korti anawapigia simu, anauliza anaishi na nani, anafanya kazi wapi, pasipoti iko wapi, nani atakubali kumsimamia. Nimeona shangazi mmoja, mtu wa heshima kanisani na nyumba yake mwenyewe, akisaidia kuliko mchango wetu wote.

Wakili wa bure wa federali msimdharau. Wengi wao kazi yao ni hizo kesi tu, na mimi ningemchukua huyo kuliko kumlipa wakili wa tiketi za barabarani ambaye hajawahi kuingia korti ya federali. Na msidanganyane ati atatoka kwa parole, yaani kuachiliwa kabla kifungo kuisha, kwa federali hiyo ilifutwa kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987, ingawa kuna punguzo la tabia njema la mpaka siku 54 kwa mwaka. Texas bado ina parole. Gavana naye hawezi kumsamehe wa federali, huyo ni Rais peke yake.

FBI wakibisha mlangoni nyamaza, omba wakili. Kunyamaza si kosa, lakini kuwadanganya ni kosa lenyewe, mpaka miaka mitano.

Na kama jamaa si raia, hata kama kesi ni ya jimbo, kabla ya kulipa bondi muulize wakili kama ICE, wale maofisa wa uhamiaji, wameomba azuiliwe, manake mnaweza kulipa asubuhi na kufika jioni ako mikononi mwa ICE, na yule mtu wa bondi hawarudishii hata senti.