Maswali Yenu: Programa ni Mtu wa Aina Gani?

Binti yangu ana miaka 15 na anapenda kompyuta. Mjomba wake anamvunja moyo: eti hiyo ni kazi ya wanaume wanaojifungia ndani usiku kucha, wasiopenda watu. Nimjibu nini kaka yangu?

Mama, mwambie kazi hii ya programa, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, ilianzia mikononi mwa wanawake. ENIAC, kompyuta iliyotangazwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania Februari 1946, iliandaliwa programu na wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walichomeka nyaya na kupanga swichi kwa kufuata michoro ya mitambo yenyewe. Wakubwa wa wakati huo waliona kuunda mashine ndiyo kazi ya maana, kuipangia hesabu ni ukarani tu.

Picha ya mpweke ililetwa na vipimo vya kuajiri. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry waliwahoji maprograma 1,378, wanawake wakiwa 186 tu, wakasema watu hawa hupenda mafumbo na hawapendi kushughulika na wenzao. Kipimo hicho kilionyesha nani yuko kazini tayari. Hakikuonyesha nani anaifanya kazi vizuri. Vipimo vya namna hii vikatumika kuchuja waombaji, wakapita wanaofanana na picha, kisha haohao wakafanywa ushahidi kwamba picha ni ya kweli. Madhara yake yapo hadi leo, na binti yako ni mmoja wa wanaoyalipia.

Tena programa asiyeweza kuzungumza na watu hupata shida kazini. Sehemu kubwa ya siku huenda kwenye kumuuliza mteja anataka nini hasa, kusoma msimbo (maagizo ya programu) ulioandikwa na wengine, na kueleza kwa nini umebadilisha mstari fulani.

Mimi naona wanaume na wanawake wameumbwa na mielekeo tofauti, na hapo ndipo idadi zinapotofautiana. Kwa nini tulazimishe?

Hoja hii ilivuma sana mwaka 2017, waraka wa mhandisi mmoja wa Google ulipovuja. Ijibiwe kwa takwimu. Marekani, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984. Kufikia 2010 hivi walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 18. Maumbile ya binadamu hayabadiliki kwa miaka 26. Kilichobadilika ni kwamba kompyuta za nyumbani zilianza kuuzwa kama vitu vya wavulana, na wahadhiri wakaanza kufundisha kana kwamba kila anayeingia darasani ameshazizoea. Malaysia nako, wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanafunzi wa fani hii.

Pamoja na hayo, wanaopinga juhudi za kuongeza wanawake wana hoja moja ya haki: semina ya siku moja ya lazima kuhusu upendeleo mara nyingi haibadilishi chochote, na huwaacha watu wakinuna. Fedha hizo zingefaa zaidi zikitumika kurekebisha usaili.

Nasimamia timu ya maprograma wanane, wote wamefanana kwa kila kitu. Nataka kupanua wigo bila kushusha kiwango. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tangazo. Orodhesha mambo ambayo mwajiriwa atayatumia kweli katika miezi sita ya kwanza. Mara nyingi hayazidi matano. Futa «miaka kumi ya uzoefu» kama huwezi kueleza mwaka wa saba unaongeza nini. Futa pia maneno ya kishujaa kama «jemadari wa msimbo», maana hayapimi kitu na huwafukuza waombaji wazuri. Litangaze mahali ambapo timu yako haikupitia, kwa sababu ukiwategemea marafiki wa wafanyakazi utapata nakala ya tisa.

Katika mchujo, mtu asiyehusika aondoe jina, picha, umri na chuo kwenye wasifu. Kisha watu wawili wausome kila mmoja peke yake. Usiikabidhi kazi hii kwa akili mnemba ukadhani haina upendeleo. Mwaka 2018 iliripotiwa kuwa Amazon ilikuwa imeachana na mfumo uliofunzwa kwa wasifu wa miaka kumi, wengi wao wa wanaume, ukajifunza kumshusha mwombaji aliyetaja klabu ya wanawake.

Sasa usaili wenyewe, ambapo wengi huharibu. Andaa programu ndogo ya mistari kama 200 inayofanana na kazi yenu, yenye makosa mawili uliyoyaweka kwa makusudi: moja linaonekana haraka, jingine linajitokeza pale tu orodha ya data inayopewa programu inapokuwa tupu. Mpe mwombaji dakika 90, chumba chenye utulivu na ruhusa ya kusoma nyaraka. Atafute makosa, ayarekebishe, aandike jaribio moja la kuthibitisha, na aeleze kwa aya moja alichofanya. Waombaji wote wapate kazi ileile.

Usimsimamishe ubaoni mbele ya watu watatu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft, uliotolewa 2020, uliona kwamba kutazamwa tu kulipunguza ufanisi wa waombaji kwa zaidi ya nusu. Unakuwa unapima woga. Kazi ya kufanyia nyumbani wikiendi nzima nayo ina ubaya wake: huwaengua wenye watoto na wenye ajira nyingine.

Alama ziwe 1 hadi 4 kwa mambo manne: usahihi, usomekaji, jaribio, maelezo. Kabla hujamwona mwombaji wa kwanza, andika 2 inafananaje na 3 inafananaje. Mfano kwenye jaribio: 2 ni kwa linalopima hali ya kawaida tu, 3 ni kwa linalopima pia orodha tupu. Kila msaili aandike alama zake kabla ya mazungumzo, na bosi azungumze mwisho, la sivyo wote watamfuata. Akitokea wa kusema «haendani na sisi», mwombe ataje tendo alilofanya mwombaji. Akikosa, hoja hiyo isihesabiwe.

Kiwango hakishuki hapo. Kwa mara ya kwanza kinakuwa kimeandikwa.

Mchanganyiko wa watu kwenye timu unaigusaje bidhaa yenyewe?

Timu ya watu wanaofanana inaweza isione kosa linalowapata wasiofanana nao. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika 34.7. Wastani wa jumla ulikuwa umelificha hilo. Kwa hiyo gawa matokeo yako ya majaribio kwa makundi kabla ya kutoa bidhaa.

Nimeingia chuo bila kuwahi kumiliki kompyuta. Wenzangu wameandika programu tangu utotoni. Nimeshachelewa?

Hujachelewa, mwanangu. Unachokiona kwao ni saa walizotangulia. Huko Marekani, Chuo cha Harvey Mudd kilitenganisha darasa la kwanza la wenye uzoefu na la wasio nao. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nacho kilibadili vigezo vya udahili na mbinu za kufundisha. Hapo Carnegie Mellon, wanawake waliokuwa asilimia 7 ya walioanza sayansi ya kompyuta mwaka 1995 wakafika 42 mwaka 2000.

Wewe shika mazoea mawili. La kwanza: kabla ya kuendesha programu, andika kwenye daftari itatoa nini. Ikitoa kingine, tofauti hiyo ndiyo somo lako la siku. La pili: usiogope ujumbe wa kosa. Ukitumia Python, anza na mstari wa mwisho, ndio unaotaja aina ya kosa. Kisha panda juu utafute namba ya mstari wa faili lako mwenyewe. Bado hulioni? Chapisha thamani ya kigeugeu (jina linalohifadhi thamani ndani ya programu) katikati ya programu. Kama ni sahihi hapo, kosa liko chini. Kama si sahihi, liko juu. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Programu ya mistari 1,000 haihitaji zaidi ya mara kumi.