Insulini kwenye theluji: baridi ya jokofu si baridi ya mlimani

Swali: Daktari, nina kisukari aina ya kwanza. Natumia kalamu mbili, ya muda mrefu jioni na ya haraka kabla ya kula, na nina sensa ya kupima sukari mkononi. Mwezi ujao tunapanda mlima wenye theluji na kulala kwenye hema usiku mmoja, ambapo joto hushuka hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. Wenzangu wanasema insulini niiweke mfuko wa nje wa begi kwa kuwa inapenda baridi, na ikiganda niiyeyushe polepole kiganjani. Mmoja anasema sindano ya jioni niiruke kabisa, kwa sababu kutembea kutwa nzima kutashusha sukari. Nifuate ushauri upi?

Jibu: Hakuna hata mmoja wa kuufuata. Kupanda unaweza, na kulala huko unaweza. Tangu mwaka 2006 wapo watu wenye kisukari aina ya kwanza waliofika hata kilele cha Everest. Lakini hili la insulini kupenda baridi nalisikia kila mara, na linanikera kuliko mengine yote kwa sababu limejengwa juu ya nusu ya ukweli.

Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Watu wameishika ile 8 wakaisahau ile 2. Insulini ni protini iliyo ndani ya maji. Maji yakianza kuganda, chembe za barafu huisukuma ile protini, ikabanana, ikashikana na kupoteza umbo lake. Barafu ikiyeyuka, maji yanarudi kuwa maji, ila protini iliyoshikana hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi inasema insulini iliyoganda isitumike, hata kama imeshayeyuka. Kuiyeyusha polepole au haraka, kiganjani au kwapani, hakubadilishi kitu.

Kinachodanganya ni macho. Insulini yenye rangi ya maziwa, ile ya NPH, ikiganda mara nyingi hujionyesha: inabaki na vipande, chembe zinang'ang'ania kioo, ukiizungusha haichanganyiki sawasawa. Lakini insulini nyingi za kalamu siku hizi ni maangavu kama maji. Hiyo inaweza kuganda saa tisa usiku, ikayeyuka jua likitoka, ukaiinua kwenye mwanga usione tofauti yoyote. Kalamu ya mililita 3 huwa na uniti 300. Ikishaganda, hakuna awezaye kukuambia ni ngapi kati ya hizo bado zina nguvu. Mtu anajidunga uniti 8, sukari inabaki palepale, anaongeza 4, inazidi kupanda, analaumu uji wa asubuhi. Kumbe tangu alfajiri anajidunga maji yenye protini iliyokufa, na yuko saa nyingi kutoka kwenye gari.

Kwa hiyo mfuko wa nje wa begi haufai, na wa ndani haufai vilevile, maana begi halitoi joto. Chupa ya kutunza joto nayo haitoi joto. Inachelewesha tu baridi kuingia. Chanzo cha joto unachoweza kukitegemea ni mwili wako. Weka kalamu kwenye kijifuko kinachoning'inia shingoni au kilichofungwa kifuani, kati ya fulana ya ndani na sweta. Hapo hazigandi, na hazishiki joto la ngozi moja kwa moja wakati unapanda kwa nguvu na kutoka jasho. Usiku kijifuko kinaingia nawe ndani ya mfuko wa kulalia, usawa wa kifua au tumbo. Kisiwe miguuni, ambako baridi huingia kwanza, wala chini ya mto, ambako kiko nje ya joto lako. Ndani yake tia kipimajoto kidogo kinachokumbuka joto la chini kabisa lililofikiwa. Asubuhi kikionyesha sifuri au chini ya hapo, kalamu zilizolala nacho usizitumie tena, hata kama zinaonekana safi.

Ile mifuko inayoloweshwa maji ili ipoze insulini imetengenezwa kwa ajili ya joto. Kwenye theluji inaharakisha kuganda, na bado kila mara kuna mtu anaibeba mlimani akiamini inalinda pande zote mbili. Vile vipakiti vya kemikali vya kupashia mikono navyo visigusane na kalamu, kwa sababu vinaweza kupita nyuzi 40 kwa urahisi na insulini ikaharibika kwa upande wa pili. Hali kadhalika chupa ya maji ya moto ambayo wapandaji hupenda kulala nayo: iweke mbali na kijifuko. Na kama kisukari kimeshakupunguzia hisia za miguu, chupa hiyo na vipakiti hivyo visikae miguuni kabisa, kwa kuwa utaungua bila kujua. Miguu hiyohiyo ikaguliwe kwa macho jioni na asubuhi, kidole kwa kidole, kwa maana jamidi, yaani nyama ya mwili kugandishwa na baridi, nayo huanza bila maumivu.

Beba insulini mara mbili ya unayohitaji, na nusu yake ikae kifuani pa mwenzako. Zikikaa zote mahali pamoja, ajali moja inazimaliza zote.

Kalamu yenyewe ina tabia zake kwenye baridi. Ukiacha sindano imefungwa kwenye kalamu, hewa huingia insulini inaposinyaa, na kilichobaki ndani ya sindano huganda na kuiziba. Ifunge wakati wa kujidunga, itoe mara baada ya hapo, na sindano zilizotumika uzitie kwenye chupa ngumu ya plastiki uteremke nazo. Kabla ya kila dozi toa uniti 2 hewani. Usipoona tone, rudia. Jidunge tumboni, usijidunge kwenye paja lililotembea kutwa, kwa sababu msuli uliofanya kazi huharakisha insulini kuingia. Ukishabonyeza, hesabu polepole hadi 10 kabla ya kuchomoa. Kumbuka pia kwamba ngozi yenye baridi hunyonya insulini taratibu. Dozi ya chakula cha jioni uliyojidunga ukiwa unatetemeka nje inaweza kuja kufanya kazi kwa nguvu baadaye, ukishapata joto ndani ya mfuko wa kulalia.

Upimaji usiutegemee sensa peke yake. Sensa ikiwa chini ya nguo inapata joto la mwili, lakini simu inayoisoma huzimika haraka kwenye baridi, kwa hiyo nayo ilale nawe. Ukiulalia mkono wenye sensa, inaweza kuonyesha sukari imeshuka kumbe haijashuka. Hakikisha kwa tone la damu kabla ya kuchukua hatua, isipokuwa kama una dalili. Ukiwa nazo, kula sukari kwanza. Mashine ya kidole nayo ina mipaka yake ya joto, na nyingi hazifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 10 au 5. Ipashe ndani ya koti pamoja na stripu kwa dakika 15 hivi, pasha na vidole, kisha vifute vizuri, kwa sababu mabaki ya peremende kwenye kidole yatakupa namba kubwa ya uongo.

Sasa hili la kuruka sindano ya jioni. Ni kweli kwamba mwendo mrefu unaweza kushusha sukari, na mara nyingi inashuka saa 6 hadi 15 baadaye, yaani usiku wa manane ukiwa usingizini. Lakini dawa ya hilo ni kupunguza, si kuacha. Insulini ya msingi, yaani ile ya muda mrefu, haikusubiri ule ndipo ifanye kazi; inazuia ini lisimwage sukari hovyo na inazuia mafuta yasigeuzwe ketoni, asidi ambazo zikizidi kwenye damu ni hatari. Ukiiondoa kabisa kwa mtu mwenye aina ya kwanza, ketoni zinaanza kupanda ndani ya saa chache, na mwili uliochoka, wenye njaa na wenye baridi unazizalisha kwa kasi zaidi. Kiwango ambacho wataalamu wengi huanzia baada ya siku ya mwendo mrefu ni kupunguza dozi ya msingi kwa karibu asilimia 20, na dozi ya chakula cha jioni hadi karibu nusu. Namba zako hasa zipange na kliniki yako kabla ya safari. Waambie pia aina ya insulini, maana kama ni degludec, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, na kuipunguza jioni hiyohiyo hakutakulinda ipasavyo usiku huo.

Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Usiku usilale ukiwa chini ya 7 mmol/L, yaani 126 mg/dL. Kula gramu 15 hadi 30 za wanga bila insulini, uweke kengele ya saa nane au tisa usiku upime. Pombe isiwepo, hata ile ya kuchangamsha kambi, kwa sababu inalizuia ini kutoa sukari wakati unaoihitaji zaidi. Sukari ikishuka chini ya 3.9, yaani 70 mg/dL, kula gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka na upime tena baada ya dakika 15. Vidonge vya glukosi havigandi. Juisi inakuwa barafu, jeli inakuwa ngumu, na chokoleti ina mafuta yanayochelewesha sukari, achilia mbali kwamba kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri haitafuniki. Vidonge vikae mfukoni mwa koti na ndani ya mfuko wa kulalia, mahali unapovifikia bila kuwasha taa.

Wenzako nao wana la kujua. Mtu aliyeshukiwa na sukari na mtu aliyezidiwa na baridi wanafanana: anajikwaa, maneno yanamtatanika, anakasirika bila sababu, anataka kukaa chini. Isitoshe, sukari ikiwa chini mwili unashindwa kutetemeka vizuri, kwa hiyo la kwanza huleta la pili. Wakikuona hivyo, wakupime sukari kabla ya kudhani ni uchovu. Wasipoweza kupima na unaweza kumeza, wakupe sukari palepale. Sukari iliyopanda kidogo kwa muda haina hatari inayokaribia ile ya kushuka. Ukipoteza fahamu wasikutie kitu kinywani. Wakulaze ubavu, wakupe glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, miligramu 3 ikiwa ni ya puani au miligramu 1 ikiwa ni ya sindano kwa mtu mzima, kisha waite waokoaji. Waelewe kwamba glukagoni inafanya kazi kwa kulikamua ini akiba yake, na baada ya kutwa ya kupanda akiba hiyo inaweza kuwa imepungua. Ukizinduka tu na kuweza kumeza, wakulishe.

Nimechukua nafasi kubwa kwa maswali yako mawili kwa sababu nyuma yake kuna biashara. Wapo wanaouza mafunzo ya kuoga maji ya barafu na kulala baridini kwa ahadi kwamba baridi inaponya kisukari. Baridi inaweza kuusaidia mwili wa mtu mwenye aina ya pili kuitikia insulini yake vizuri zaidi. Mwenye aina ya kwanza hana insulini ya kuitikiwa. Wengine wanauza unga wa mizizi na majani kwa maneno yaleyale, na wateja wao wanaambiwa waache sindano kwanza ili dawa ifanye kazi. Hadi Januari 1922, Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza mwenye miaka 14, alipodungwa insulini huko Toronto, mtu mwenye aina ya kwanza alikuwa anakufa, akipewa mlo wa kumshindisha njaa ili aongezewe miezi. Mizizi ilikuwepo wakati huo, na baridi ilikuwepo. Anayekuuzia njia ya kuacha insulini anakurudisha kwenye mwaka 1921, na anakulipisha.

Kwa hiyo kwenye begi ongeza stripu za ketoni. Sukari ikipita 14 mmol/L, yaani 252 mg/dL, pima ketoni kabla ya kudunga au kuendelea kupanda. Kichefuchefu mlimani kila mtu hukiita ugonjwa wa mwinuko au chakula kibaya. Kwako wewe ni ketoni mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Ketoni za damu zikifika 1.5 mmol/L, fungua kalamu ya akiba ambayo una hakika haikuganda, jidunge dozi ya kurekebisha mliyopanga na kliniki, kunywa maji, na safari ya juu imeishia hapo. Zikifika 3, au ukitapika maji hayakai, ni dharura ya kuita waokoaji usiku huohuo.

Na yeyote anayesoma hapa ambaye ameshaacha insulini kwa ushauri wa namna hii, mlimani au nyumbani, ana kiu isiyokatika, anakojoa kila saa, anapumua kwa kina na haraka, aende hospitali yenye huduma ya dharura leo. Akifika aseme waziwazi ni tangu lini hajajidunga na ni kitu gani amekuwa akinywa badala yake.