Kitabu cha picha chenye jalada gumu unaweza kukitengeneza mwenyewe nyumbani, mi nafanya hivi

Mwaka 2019 mama yangu aliibiwa simu kwenye daladala, na ndani ya ile simu ndo zilikuwemo picha za mwisho za marehemu baba, zile alizopigwa uani amekaa kwenye kiti amempakata mjukuu wake. Nakala hatukuwa nayo. Zilizopatikana ni tatu tu ambazo mama alishawatumia ndugu WhatsApp, nazo ndogo, ukizikuza sura inakuwa vidoavidoa. Tangu hapo kila mwaka natengeneza kitabu kimoja cha picha za familia, jalada gumu kabisa, kwa mikono yangu, juu ya meza ileile tunayolia chakula. Wengi mnaniuliza nilipeleka wapi kutengenezewa. Sikupeleka popote, na leo nimekaa kuandika yote ninayoyajua.

Tuanze na picha zenyewe. Usiweke nyingi. Kitabu changu cha kwanza nilijaza picha mia na kitu, watu wakawa wanafunua haraka haraka kama wanatafuta kitu, cha pili nikaweka thelathini na watu wakakaa nacho jioni nzima wanabishana huyu nani na hapa wapi. Na majina andika! Mama alikuwa na picha ya harusi ya mwaka 1974, watu kumi na moja wamesimama, na katika hao wanne hakuna aliye hai anayejua ni akina nani. Kwa hiyo kabla hujaprinti chochote nenda kakae na bibi, na shangazi, na baba mkubwa, uwaulize, urekodi hata kwa simu, halafu jina liingie chini ya picha.

Ukimwomba mtu picha kwa WhatsApp mwambie akutumie kama dokumenti, asitume kama picha ya kawaida, maana ikitumwa kawaida inabanwa inapungua. Ili picha ijaze ukurasa wa A5 vizuri inatakiwa iwe na pikseli kama 1748 kwa 2480. Ikiwa chini ya hapo usiitupe, iweke tu ndogo katikati ya ukurasa mweupe, inapendeza sana. Zile za zamani zilizo kwenye albamu za gundi, zenye nailoni juu, ambazo miaka ya 90 zilikuwa kila nyumba, zitoe mapema kwa sababu ile gundi inageuka njano na kuing'ata picha. Usivute kwa kucha. Chukua uzi mwembamba, upitishe nyuma ya picha ukiusogeza kushoto kulia kama unakata sabuni ya mche, itaachia yenyewe taratibu. Kisha ipige picha karibu na dirisha, kivulini, bila flashi. Utashangaa kwamba picha nyeusi na nyeupe za studio alizopigwa bibi ujanani bado zimesimama, wakati za rangi za juzi juzi zimekuwa nyekundu zote, ni kwa sababu nyeusi na nyeupe ya zamani ni madini ya fedha na ile ya rangi ni dawa za rangi ambazo zinafifia zenyewe hata ukizificha kabatini.

Sasa karatasi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo kitabu changu cha kwanza kilipoharibikia. Karatasi ina mkondo, kama mbao ilivyo na nyuzi zake. Shika karatasi uikunje nusu bila kuibana, halafu igeuze uikunje upande mwingine, kuna upande utaona inakubali kwa urahisi na kuna upande inakataa. Ule mkunjo uliokubali ndio unatakiwa ulale sambamba na mgongo wa kitabu. Karatasi za A4 za dukani mara nyingi mkondo wake unaenda kwa urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati kupata A5 unakunja kinyume, na hicho ndo kilichonikuta, picha zikapasuka rangi kwenye mkunjo, kurasa zikawa zinasimama hazilali. Siku hizi naenda Kariakoo kwa wauza karatasi kubwa, nanunua ya gramu 150, namwonyesha kijana wa mashine kwa mkono mkondo unaelekea wapi na yeye ananikatia A4 zangu. Kisha napeleka hizo hizo steshenari kuprinti, na naomba mashine ya leza, sio ya wino wa maji. Jaribu printi moja kwanza, lowesha kidole uisugue, rangi ikitoka usikubali, kwa joto na unyevu wa Dar hicho kitabu hakimalizi masika mbili.

Unaprinti upande mmoja tu. Kila karatasi unaikunja katikati, picha ikiwa ndani, na mkunjo unaukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Karatasi ishirini na nne zinakupa kurasa arobaini na nane, zinatosha kabisa. Zipange mikunjo yote upande mmoja, mwanzo na mwisho ongeza karatasi moja ya manila nayo imekunjwa, gonga gonga mezani zikae sawa, halafu zibane katikati ya vipande viwili vya mbao mkunjo ukitokeza kidogo. Pale kwenye mikunjo paka gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala, kwa brashi, mara mbili, na kabla mkono wa pili haujakauka bandika gozi ya duka la dawa, ile ya kufungia vidonda, itokeze sentimita mbili mbili kila upande. Hiyo ndo itakayoshika jalada. Ikikauka unarudi ndani, kila ukurasa una upande wa nyuma mweupe unaotazamana na upande mweupe wa mwenzake, unapaka gundi kidogo kwenye ukingo wa nje tu, ule ulio mbali na mkunjo, upana wa kidole, unazibandika zishikane. Faida yake kitabu kinafunguka kinalala chali kabisa, picha inayopita kurasa mbili huipotezi katikati, na hakuna kushona.

Gundi ya unga wa ngano wengine wanaisifia na kweli inashika, ila kwetu huku ni chakula cha mende, mi siitumii. Na supa glu kamwe, inakauka kama kioo inapasuka.

Jalada. Unahitaji kadi ngumu ya milimita 2. Ukiikosa tafuta kaunta buku za zamani, toa majalada yake, yabandike mawili mawili, yaweke chini ya uzito usiku kucha. Boksi lenye mifereji ndani usitumie, mistari inajitokeza. Kwa kitabu cha A5 nakata vipande viwili vya milimita 145 kwa 216, na kimoja chembamba cha mgongo, urefu ule ule 216, upana wake ni unene wa kurasa zako ukijumlisha kadi zote mbili, na huo upime kwa rula usikadirie. Kati ya mgongo na kila kadi acha nafasi ya milimita 7, pale ndo jalada linapokunjikia, ukibana sana kitabu hakifunguki, ukiachia sana kinalegea.

Kitambaa mi natumia khanga. Ile ya kwanza ilikuwa khanga ya bibi mzaa mama, imechakaa katikati lakini upande wa jina bado mzima, imeandikwa WEMA HAUOZI, nikaipanga maneno yakae mbele chini ya jalada, na mama alipokipokea aliyapitisha kidole yale maneno kabla hajafungua chochote. Sasa khanga ni nyepesi, gundi inapenya inatoa madoa mbele, hivyo kabla ya yote ipige pasi na kile kitambaa cheupe chenye gundi ambacho mafundi cherehani wanaweka ndani ya kola. Ikishaganda inakuwa ngumu kama karatasi nene. Gundi paka kwenye kadi, usipake kwenye khanga. Acha sentimita 2 za kukunjia kila upande, na kwenye kona kata mshazari, lakini usikate mpaka kwenye ncha ya kadi, bakiza milimita 3 hivi, la sivyo kona itatokeza kadi wazi na ndiyo sehemu itakayochakaa kwanza.

Mwisho unalaza kurasa ndani ya jalada, gozi na ile manila ya nje unapaka gundi, unafunga, unapapasa vizuri kuanzia mgongoni kwenda nje kutoa mapovu ya hewa. Hapa weka nailoni katikati ya manila na kurasa za picha, pande zote mbili, kwa sababu maji ya gundi yanasafiri. Mwaka juzi nilisahau nailoni upande mmoja na kurasa nne za mwisho zikajikunja mawimbi, picha ya mdogo wangu siku ya kuhitimu ikiwemo, nikalazimika kuprinti upya na kubomoa jalada zima.

Halafu uzito. Ubao chini, kitabu, ubao juu, na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji juu yake. Saa 24, bila kuchungulia. Najua hamu ya kufungua, unataka kuona, watoto nao wanauliza, lakini ukikitoa kikiwa na unyevu jalada linapinda kama kigae na halirudi tena. Ikiwa ni masika mi naacha siku mbili, kila asubuhi nabadilisha karatasi kavu nyeupe pembeni, sio gazeti, gazeti linaacha wino.

Kwenye kila kitabu huwa naacha kurasa nne tupu mwishoni. Mama kwenye cha kwake ameshaandika kwa penseli, jina la mjukuu na tarehe aliyozaliwa, anasubiri picha. Na shangazi alipokiona akasema na yeye anataka, kwa hiyo cha kwake kipo hapa chini ya ndoo ninavyoandika, tangu saa kumi jioni, na sikigusi mpaka kesho.