Usimpe kidole chako kijana wa mwamvuli kwa sababu ya SMS za matangazo

Mdogo wangu, hapo Kabwe usiende. Kama umeshatoka nyumbani, mwambie wa bajaji ageuze.

Umeandika kwamba simu yako na ya mama yako hapo nyumbani hazipumui kwa SMS za bahati nasibu, mikopo na waganga, na kwamba barua pepe nazo zimejaa matangazo. Sasa kuna kijana wa kusajili laini amekuahidi kwa elfu tano atawafungia "kwenye mtandao" zisije tena, mradi mwende na namba za NIDA na vidole vyenu. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo Mwanjelwa mwaka 2023, kwa bei hiyo hiyo.

Nauza viazi mviringo. Nachukua Isyonje, nashusha Mbeya. Simu ikilia najua ni mkulima au dereva wa fuso, kwa hiyo kila mlio natazama. Kipindi kile kwa siku zilikuwa zinaingia SMS ishirini, hata thelathini. Nipo juu ya magunia, mikono yote udongo, nafuta mkono kwenye kitenge natoa simu, nakuta "ile pesa itume kwenye namba hii". Nilichoka kabisa.

Yule kijana alikuwa na kimeza, mwamvuli, fulana ya kampuni na kamashine ka kusoma alama za vidole. Shikamoo yake nzuri. Akachukua simu yangu, akabonyeza bonyeza, akasema niweke kidole. Nikaweka. "Haijasoma mama, kidole kina udongo." Akanipa kitambaa, nikafuta, nikaweka tena. "Bado." Akasema tujaribu kingine. Mtu wa jembe na viazi anajua vidole vyetu vilivyo na nyufa. Hata kwenye ule usajili wa alama za vidole uliofungwa Januari 20, 2020, mimi nilirudishwa foleni zaidi ya mara moja kwa sababu mashine ilinikataa. Kwa hiyo sikushtuka, na yeye alijua sitashtuka. Kila alipokuwa akisema "bado", laini nyingine ilikuwa inasajiliwa kwa jina langu.

SMS zilinyamaza kweli. Siku nne! Nikawapeleka na wenzangu wawili wa pale sokoni, jambo linaloniuma mpaka leo. Binti yangu ndiye aliyekuja kugundua kuwa kijana alizima mlio wa ujumbe tu, basi. Ndani zilikuwa zimerundikana kama kawaida, na katikati yake ujumbe wa dereva kwamba gari limeharibika Uyole na viazi vinapigwa jua.

Hayo ya mlio ni madogo. Baada ya miezi mitatu napigiwa simu kutoka kituo cha polisi. Mama mmoja wa Makambako alikuwa ametuma shilingi 380,000 kwenye namba iliyomtokea na majina yangu yote matatu. Laini zangu zote zikafungwa kwa pamoja, na kwenye mojawapo nilikuwa na 640,000, mtaji wote, msimu wa viazi umepamba moto. Wiki tatu sikununua hata debe. Wakulima niliowaahidi wakauza kwa wengine, na wawili hawajarudi kwangu mpaka leo. Nilikwenda kituoni mara tano. Mara ya tatu nilimkuta yule mama amekaa kwenye benchi na kikapu mapajani. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, hakusema neno. Sina la kulinganisha na macho yale. Askari mmoja ndiye aliyenipigisha *106# hapo hapo, namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tukakuta laini tatu nisizozijua.

Kijana alishahama. Nilipokwenda kwenye kampuni nikajibiwa kwa sauti ya upole kwamba huyo si mfanyakazi wao, ni wakala anayejitegemea. Anajitegemea vipi? Fulana yenu, mwamvuli wenu, mashine yenu! Nani alimkabidhi kifaa cha kuchukua vidole vya watu, halafu hakuna aliyemfuatilia anavitumiaje? Hasira yangu kwa yule kijana ilishapoa, kwao bado.

Basi shika hili, na umwambie mama yako hata kama mengine utayasahau. KUZUIA SMS HAKUHITAJI KIDOLE WALA NIDA. Kidole ni cha kusajili laini au kurudisha laini iliyopotea. Mtu akikitaka kwa ajili ya kuzuia matangazo, huyo anasajili. Na hata siku unayosajili kweli, mashine ikikataa mara ya kwanza, kabla hujaweka tena mwambie akuonyeshe kioo, na ukimaliza piga *106# ukiwa bado umesimama pale pale mbele yake.

Kuzuia kwenyewe unafanya ukiwa umekaa kwenye kochi. Ushikilie ujumbe kwa kidole mpaka machaguo yatokee, kisha uzuie. Zile za huduma ulizojiunga bila kujua, zenye namba fupi, piga 100 uwaambie wakuondoe, na uulize umeunganishwa na huduma ngapi, maana nyingine zinakula salio. Za matapeli usiwajibu hata kwa matusi, kwa kuwa ukijibu wanajua namba inatumika. Ujumbe wao upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, ukiulizwa namba iliyoutuma uiandike. Za mikopo usibonyeze kiungo chochote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na duka linalokutumia matangazo kwa kuwa uliwahi kuwaachia namba, waambie waache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki hiyo, nayo imeanza kutumika tangu Mei 2023.

Ukikuta laini usiyoitambua, nenda duka la kampuni yenyewe, lenye mlango na kaunta, na kitambulisho chako mkononi, waifunge wakupe maandishi. Wakikuzungusha, TCRA, wale wanaosimamia kampuni za simu, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya.

Umesema mama yako alishapita kwa huyo kijana wiki iliyopita, wewe ndiye ulikuwa unafuata. Chukua simu yake sasa hivi, usingoje kesho. Piga *106# kwenye kila laini aliyonayo, kisha rudi hapa uniambie mmekuta ngapi. Nipo macho.