Valvu imebadilishwa, mbona mama amewekewa na betri?

SWALI: Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 61. Alibadilishiwa valvu ya aota, yaani mlango wa kutokea damu moyoni, iliyokuwa imekakamaa kwa chokaa. Kabla ya kuruhusiwa, wakamwekea na betri ya moyo chini ya mtulinga. Ndugu wanasema madaktari waligusa pasipotakiwa. Mama mwenyewe hataki hata kushika simu. Je, operesheni iliharibika?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole nyingi. Kazi yangu ni kuwahudumia wagonjwa wa moyo wakitoka chumba cha upasuaji, na swali lako naulizwa mara kwa mara na ndugu waliojaa hofu kama wewe. Kuwekewa betri, yaani kifaa kinachoupa moyo umeme ili upige, peke yake si dalili kwamba operesheni iliharibika.

Moyo una njia zake za umeme zinazouamuru upige. Njia kuu inayopeleka umeme kwenye vyumba vya chini inapita milimita chache tu kutoka kwenye valvu ya aota. Kwa hiyo chokaa ikizidi kwenye valvu inaweza kuifikia njia hiyo hata kabla ya kisu. Daktari naye hana budi kuikwangua chokaa hiyo na kushona valvu mpya palepale. Pakivimba au pakijeruhiwa, umeme hukwama na mapigo hushuka, pengine hadi 40 au chini yake kwa dakika.

Nadhani uliona nyaya nyembamba zikitokea chini ya kidari, zimeunganishwa na kiboksi pembeni ya kitanda. Ni betri ya muda. Tunasubiri siku kadhaa uvimbe upungue, tukirudia ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kuna ambao umeme wao unarudi na nyaya tunazitoa. Usiporudi, kumruhusu mgonjwa bila betri ya kudumu ni kumwacha azimie barabarani, au moyo usimame usiku. Hao ndugu waelezeni hivyo.

Simu ashike, mwanangu, aongee na wajukuu! Aiweke sikio la upande usio na betri, asiitie kwenye mfuko wa kifuani wala kuilaza juu ya kifaa. Sentimita 15 zinatosha. Betri hudumu miaka 8 hadi 12 hivi, na kliniki wataipima kabla haijaisha.

Ninachokuomba ukitilie maanani zaidi ni homa. Kwetu mtu akichemka tunakimbilia dawa ya malaria au antibayotiki ya duka la dawa. Kwa mama, msifanye hivyo. Bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kukaa juu ya valvu mpya au waya wa betri, na vidonge viwili vitatu vya dukani huwaficha tu. Apimwe malaria, sawa, lakini mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba ana valvu ya bandia na betri, ili damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta bakteria maabara, ichukuliwe kabla ya antibayotiki yoyote. Kidonda cha betri kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa usaha, au mama akizimia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kadi ya betri akae nayo kwenye pochi. Kama valvu yake ni ya chuma, warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ataimeza maisha yake yote. Mchicha hupunguza nguvu ya dawa hiyo, lakini si marufuku: ale kiasi kilekile kila wiki, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, asikikose.