Mtei ndani ya serikali ya Mwalimu
Kwa aliyeuliza kama yupo mtu wa ndani aliyeueleza utawala wa Mwalimu Nyerere pasipo kumsifu tu, ningemtaja Mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania na baadaye Waziri wa Fedha, aliyejiuzulu mwaka 1979 baada ya Mwalimu kuyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hususan kushusha thamani ya shilingi, ilhali vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimeikausha hazina. Ushahidi wake ni mzito, kwani hesabu alizishika mwenyewe. Ila usomwe kwa tahadhari, maana ndiye mwasisi wa CHADEMA, chama cha upinzani. Makubaliano na Shirika hilo yalifikiwa mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi.