Ngazi Ifungwe Kabla ya Bati la Kwanza Kupanda

Fundi wa paa akianguka hapa Nairobi, watu huuliza alikuwa juu kiasi gani. Mimi huuliza ngazi ilisimama wapi.

Utawala, Ruai na sehemu kubwa ya Embakasi tunajenga juu ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha usiku, mguu mmoja wa ngazi unazama fundi akiwa tayari amefika kwenye fasia, ule ubao wa ukingo wa paa, na ngazi inalala upande pamoja naye. Wengi hukimbilia kuweka jiwe chini ya mguu uliozama, nalo hubingirika. Tandika ubao mmoja mpana chini ya miguu yote miwili, kisha upigilie kipande cha mbao kwa nyuma ili ngazi isirudi. Fasia ikiwa futi 12 juu, miguu ikae futi 3 kutoka ukutani, na kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kwa futi 3 ili upate pa kushika unaposhuka. Mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, aishike mpaka wa kwanza kupanda aifunge juu kwa kamba. Mabati yavutwe kwa kamba. Usipande umeyakumbatia, upepo utakubeba nayo.

Ngazi zinazopigiliwa palepale kwa mbao kuukuu zilizotumika kumwagia zege la slabu sizitaki kabisa. Misumari yake hulegea na vipago hung'oka.

Mtu akianguka, tafadhali msimwinue mkamkalishe kwenye bodaboda. Kama uti wa mgongo umevunjika, safari hiyo yaweza kumpoozesha. Alale alivyo, shingo isisogezwe, mpaka ambulensi ifike.

Halafu kuna hela ya dawa. Nimefanya kazi na vijana waliopewa noti chache, wakaambiwa warudi wakipona, kisha simu ya kontrakta ikawa haishikwi. Inaniuma, kwa sababu sheria iko: WIBA ya mwaka 2007, sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini. Hata kibarua wa kulipwa kwa siku yumo. Gharama za matibabu ni za mwajiri, naye ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa kurugenzi ya usalama na afya kazini. Aliyelemaa kabisa hukadiriwa fidia ya mshahara wa miezi 96. Lakini ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki hiyo hupotea. Kwa hivyo ipige picha ngazi kabla haijaondolewa, na uandike siku hiyohiyo majina na namba za waliokuwepo, maana mjengo ukiisha kila mtu hushika njia yake.